Mvua Ndani ya Chumba: Usikilizaji na Mamlaka katika "Notes on Blindness: Into Darkness"

Utangulizi

Kwa muda mrefu uhakiki wa fasihi umeichukulia mandhari kuwa jambo la macho. Msomaji hutakiwa "kuona" kijiji, "kuona" pwani, na taswira inayosifiwa aghalabu ni ile inayochorwa akilini mithili ya picha. Masikio yametengewa nafasi finyu: tanakali za sauti, vina na mizani, mahadhi ya mtambaji. Ni nadra kuulizwa hadithi ingekuwaje iwapo mandhari yake yote ingejengwa kwa sauti, na iwapo msikilizaji angeweza kugeuka ndani ya mandhari hiyo kama mtu ageukavyo uwanjani.

Makala haya yanadhamiria kuchunguza kazi moja iliyojaribu kulijibu swali hilo. Kazi hiyo ni "Notes on Blindness: Into Darkness", iliyotolewa mwaka 2016 na Arnaud Colinart na Amaury La Burthe kwa ushirikiano na Peter Middleton na James Spinney. Ni kazi ya uhalisia pepe. Mshiriki huvaa miwani inayoyafunika macho yote mawili pamoja na visikizi masikioni, akajikuta katikati ya mazingira yaliyotengenezwa kwa kompyuta, ambamo picha na sauti hubadilika kadiri anavyokigeuza kichwa. Imegawanywa katika sura sita, na msingi wake ni shajara za sauti za John Hull, msomi wa elimu ya dini katika Chuo Kikuu cha Birmingham, ambaye alianza kuzirekodi katika kaseti mwaka 1983 baada ya kupoteza uwezo wa kuona. Kutokana na kaseti hizo kilipatikana kitabu "Touching the Rock" mwaka 1990. Filamu ya Middleton na Spinney, ambamo waigizaji huchezesha midomo kuifuata sauti halisi ya Hull na ya mkewe, ilitoka mwaka uleule wa 2016. Hull mwenyewe alifariki mwaka 2015.

Kazi hii imesifiwa sana, na kwa sehemu kubwa sifa hizo zinastahili. Hata hivyo, sifa inayorudiwa zaidi ni kwamba humwezesha mtu anayeona kuujua upofu, na sifa ya namna hiyo haifai kupokelewa bila kuchunguzwa. Hoja yetu ni kwamba kuna namna mbili za kumshirikisha msikilizaji katika mazingira ya sauti, na kwamba namna hizo zinapingana. Ya kwanza tutaiita ushiriki wa kusikiliza, na ya pili ushiriki wa kuamuru. "Into Darkness" hufaulu pale inapoitegemea ya kwanza. Inapoikimbilia ya pili, huyarudishia macho enzi ileile ambayo Hull alikuwa amejifunza kuishi bila ya kuitegemea.

Sauti yenye mahali

Kabla ya kuichambua kazi yenyewe, hatuna budi kueleza kwa ufupi chombo inachokitumia. Sauti inayotoka kulia hulifikia sikio la kulia kabla ya la kushoto. Tofauti hiyo ni ndogo mno, haifiki hata sehemu moja ya elfu ya sekunde, lakini ubongo huitambua. Isitoshe, kichwa chenyewe huizuia sauti, hasa iliyo nyembamba, hivyo sikio la upande wa pili huipata ikiwa imefifia. Mambo haya mawili yalielezwa na Lord Rayleigh mwaka 1907. Mikunjo ya sikio la nje nayo huibadilisha sauti kulingana na iwapo inatoka juu, chini, mbele au nyuma. Kompyuta inapoziiga tofauti hizi zote na kuzipeleka katika visikizi viwili, msikilizaji husadiki kwamba ndege analia juu ya bega lake la kushoto ilhali hakuna ndege wala mti.

Ujanja huu una umri mkubwa kuliko kompyuta. Katika maonyesho ya Paris ya mwaka 1881, Clément Ader alisafirisha muziki wa jumba la opera kwa nyaya za simu, na waliosikiliza kwa vipokezi viwili, kimoja kwa kila sikio, waliweza kutambua waimbaji wakihama jukwaani. Lakini wasikilizaji wale walikuwa wamefungwa mahali pamoja. Wakigeuka, jukwaa zima liligeuka nao. Jambo jipya katika mazingira ya leo ni kwamba mashine hukifuata kichwa. Ukigeuka kulia, sauti iliyokuwa mbele yako huhamia sikio la kushoto, kama inavyokuwa katika maisha ya kawaida. Hans Wallach alionyesha mwaka 1940 kwamba kukigeuza kichwa ndiko kunakotusaidia kutofautisha sauti iliyo mbele na iliyo nyuma. Kwa hiyo kugeuka ni sehemu ya kusikia kwenyewe.

Hapa ndipo mhakiki wa fasihi anapopata jambo la kushika. Sauti inayobaki mahali pake wakati wewe unageuka huwa ya ulimwengu. Iko nje yako. Sauti inayogeuka pamoja nawe huwa ya ndani ya kichwa. Tofauti hiyo, ambayo kwa fundi ni suala la hesabu, kwetu ni suala la usimulizi: ni nani anayesema, na amesimama wapi?

Sauti isiyohama

Mchezo wa kompyuta "Hellblade: Senua's Sacrifice", uliotolewa mwaka 2017 na kampuni ya Ninja Theory ya Uingereza, unaidhihirisha tofauti hii kwa ukali. Senua, shujaa wake, anasumbuliwa na sauti zisizo na wenyewe. Sauti hizo zilinaswa kwa maikrofoni zilizowekwa katika mfano wa kichwa cha binadamu, waigizaji wakikizunguka wakinong'ona. Mchezaji anayevaa visikizi huzisikia nyuma ya kisogo, kisha sikioni, kisha pande zote kwa pamoja. Zinamdhihaki, zinamwonya, zinabishana zenyewe kwa zenyewe. Hata agubike macho au aelekeze mtazamo wa mchezo upande gani, hawezi kuziacha nyuma. Kutohama kwake ndiko maana yake.

Katika "Into Darkness", sauti ya Hull nayo imewekwa mahali hapohapo, yaani ndani ya kichwa. Ulimwengu unalizunguka sikio: nyayo zinapita, watoto wanacheza, upepo unavuma mitini. Hull hapiti. Ukigeuka, hajageuka. Yuko katikati kabisa ya fuvu lako, akizungumza taratibu kwa sauti ya mkanda wa kaseti wa miaka ya themanini. Kilichokuwa adha kwa Senua kimekuwa hapa msaada, na ni kwa sababu sauti hii haikuamrishi wala kukukaripia. Inakueleza tu kile ambacho tayari unakisikia.

Hata hivyo, nafasi hii inazua utata ambao nafsi ya kwanza katika riwaya haiuzui. Msomaji wa riwaya anapokutana na "mimi" katika ukurasa, anajua kwamba "mimi" huyo ni mwingine. Katika kazi hii, masikio ni ya mshiriki, shingo inayogeuka ni yake, lakini fikra zinazozungumza ni za mtu mwingine aliyeketi mahali palepale. Mshiriki anauazima mwili wa Hull, au ni Hull anayeuazima wake? Katika sura ya kwanza, inayotokea katika bustani ya mapumziko, utata huu umetumiwa kwa ustadi. Hull anaeleza kwamba ulimwengu wa sauti ni ulimwengu wa matendo: kisichotikisika hakipo. Mtu aliyeketi kimya kwenye benchi la jirani hayupo hadi atakapokohoa. Picha anayoiona mshiriki inatii kanuni hiyo. Kote ni giza, na madoa ya buluu humetameta pale tu penye sauti, yakachora umbo la mpita njia kisha yakazimika hatua zake zinapofifia.

Huu ndio ushiriki wa kusikiliza. Mshiriki anaweza kugeuka atakavyo, lakini kugeuka kwake hakumwiti yeyote wala hakumfukuzi yeyote. Anayekimbia atakimbia, umtazame usimtazame. Kinachobadilika ni uhusiano wako na kinachotukia, na ulimwengu wenyewe hauna habari nawe. Katika sura hii fani na maudhui vimeungana kikamilifu, kwa maana unyenyekevu ambao Hull anauzungumzia ndio ambao mashine inaudai kutoka kwa shingo ya mshiriki.

Mvua na mkono

Sehemu mashuhuri kuliko zote katika shajara za Hull ni ile ya mvua. Anafungua mlango wa nyumba, mvua inanyesha, na ghafla bustani ambayo kwake ilikuwa imetoweka inarudi. Matone yanagonga paa kwa sauti moja, vichaka kwa nyingine, njia kwa nyingine. Kila kitu kinajieleza kwa wakati mmoja, cha karibu na cha mbali, chenye thamani na kisicho nayo. Kisha anatamani laiti kungekuwa na kitu mfano wa mvua kinachoweza kunyesha ndani ya chumba, ili nacho kipate umbo.

Watunzi wa "Into Darkness" wameitimiza tamaa hiyo. Mshiriki anajikuta jikoni, na vyombo vilivyo humo vinapigwa na mvua. Ni wazo zuri, na matone yanayogonga sufuria huburudisha sikio la yeyote. Lakini namna lilivyotekelezwa inahitaji kutazamwa kwa makini. Mvua hainyeshi juu ya jiko lote kwa pamoja. Mshiriki anatakiwa kuelekeza uso wake kwenye chombo, nacho ndipo kinapoanza kulia. Kimoja baada ya kingine, vyombo vinaitwa kutoka kimyani kwa amri ya uso.

Kwa maoni yetu, hapa kazi inaisaliti matini inayoitegemea. Thamani ya mvua kwa Hull ni kwamba hakuichagua. Mtu asiyeona hukijua chumba kwa mkono: kikombe, halafu meza, halafu kiti, kila kimoja kwa zamu, na hawezi kukigusa kile asichokijua kilipo. Mvua ilimpa kile ambacho mkono hauwezi kumpa, nacho ni ukamilifu. Ilimjia bila kumwomba atafute. Ndiyo sababu tukio lile lina uzito wa neema, na si ajabu kwamba aliyelisimulia alikuwa mwanatheolojia. Kazi ya uhalisia pepe imechukua zawadi hiyo ikaigeuza kuwa zoezi. Mvua imekuwa mkono.

Isitoshe, mkono huo unaongozwa na jicho. Ili mshiriki akielekee chombo ambacho bado hakijalia, ni lazima kwanza akione, au walau aone alama yake gizani. Mtu asiyeona akiivaa miwani hii atafurahia bustani ya sura ya kwanza sawa na mwingine yeyote, pengine zaidi, kwa kuwa masikio yake yamezoea. Jikoni atabaki kubahatisha. Kazi inayozungumzia upofu imemwekea kipofu mlango asioweza kuufungua ila kwa kupapasa.

Yamkini mtetezi wa kazi hii atatoa majibu mawili. La kwanza ni kwamba mashine hailifuati jicho bali kichwa, na kwamba hata msikilizaji hukigeuza kichwa anapotaka kusikia vyema. Ni kweli, na tumekwisha kusema kwamba kugeuka ni sehemu ya kusikia. Lakini anayegeuka ili asikie hugeukia sauti iliyopo tayari. Anayegeuka ili kitu kianze kutoa sauti anafanya jambo jingine kabisa, anakiteua. Jibu la pili ni kwamba vyombo vikishaitwa vyote, jiko zima hulia kwa pamoja, na ukamilifu alioutamani Hull hupatikana mwishoni. Hatukatai kwamba mwisho huo unavutia. Ila ukamilifu uliokusanywa kipande kwa kipande na mtu mwenye kuamua apendalo hauwezi kulingana na ule uliomjia mtu aliyesimama mlangoni akiwa hana la kuamua.

Nyayo za mchezaji

Isifikiriwe kwamba tunaukataa uwezo wa mshiriki kutenda. Mfano wa "Papa Sangre", mchezo wa simu uliotolewa mwaka 2010 na kampuni ya Somethin' Else ya London, unaonyesha kwamba kutenda na kusikiliza vinaweza kukaa pamoja. Katika mchezo huo hakuna mandhari ya kutazamwa. Mchezaji yumo gizani katika nchi ya wafu, naye hutembea kwa kugonga kioo cha simu kwa vidole gumba viwili, cha kushoto kisha cha kulia, kila mgongo ukiwa hatua. Akiharakisha mno hujikwaa. Mbele yake kuna sauti anazopaswa kuzifikia, na kandokando wamo viumbe hatari ambao kelele zake mwenyewe zinaweza kuwaamsha.

Hapa mchezaji anatenda sana kuliko mshiriki wa "Into Darkness", lakini hana mamlaka juu ya ulimwengu. Kila tendo lake linatoa sauti, na sauti hiyo inasikiwa na wengine. Anasikia na kusikika. Jambo hili limekosekana katika bustani ya Hull, hata katika sura tuliyoisifu. Mshiriki wa "Into Darkness" hana nyayo, hapumui kwa kusikika, na hakuna anayemgeukia. Ni kama mzimu. Hull wa shajara hakuwa mzimu. Sehemu kubwa ya masimulizi yake inahusu watu wanaomjia ghafla kutoka utupu, wanaomsalimu bila kujitaja, wanaoondoka bila yeye kujua. Adha ya upofu katika shajara hizo mara nyingi ni adha ya mahusiano, na mazingira ya sauti yasiyomsikia aliyemo hayawezi kuibeba.

Suala la usimulizi wa mdomo

Wapo wanaodai kwamba teknolojia ya namna hii inaturudisha katika fasihi simulizi, kwa kuwa inategemea sikio na kumshirikisha msikilizaji. Dai hili linavutia, hasa kwetu tuliolelewa kitaaluma juu ya dhana za fanani na hadhira. Lakini ulinganisho huo unapaswa kufanywa kwa tahadhari. Mtambaji anaposema "Paukwa", na hadhira ikaitikia "Pakawa", hadhira haijaamuru lolote. Imekubali kusikiliza, na imekubali kwa sauti inayosikiwa na wote waliopo. Kila mmoja anajua kwamba mwenzake amekubali pia. Fanani anaweza kurefusha, kufupisha au kubadilisha utambaji wake kwa kuwa anaisikia hadhira ikicheka au ikinyamaza.

Mvaaji wa miwani ya uhalisia pepe yuko peke yake. Macho yamefunikwa, masikio yamezibwa, na aliyeketi karibu naye hasikii anachokisikia. Anayesimulia, ambaye ni mkanda wa kaseti, hamsikii. Kinachofanana na fasihi simulizi katika kazi hii ni mlango wa fahamu unaotumika, yaani sikio. Mkataba wa kijamii uliokuwa umeufungua mlango huo haumo. Kwa kigezo hiki "Papa Sangre", ambao haudai chochote kuhusu jadi wala huruma, uko karibu zaidi na utambaji, kwa kuwa humo walau kuna anayesikia unapokosea.

Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba sauti yenye mahali, pindi inapokifuata kichwa cha msikilizaji, huwa ni chombo cha usimulizi chenye kanuni zake. Kutohama kwa sauti hutofautisha nafsi na ulimwengu. Kugeuka kunaweza kuwa tendo la kusikiliza au la kuamuru, na uamuzi wa mtunzi kati ya mawili hayo ni uamuzi wa kimaudhui, hata kama umefanywa na mafundi kwa sababu za kiufundi. Mhakiki wa kazi hizi asitosheke na kuuliza iwapo sauti inasadikika. Aulize pia: ninapogeuka, je, ni mimi ninayebadilika au ni ulimwengu?

Kuhusu dai kwamba "Into Darkness" humpa mtu upofu, jibu letu ni kwamba humpa nafasi ya Hull lakini haimpi muda wake. Shajara zile zilichukua miaka mitatu. Zinaanza kwa mtu anayeuona upofu kuwa upungufu, na zinapoendelea anaanza kuutambua kuwa ulimwengu kamili wenye kanuni zake. Safari hiyo haiwezi kufanywa na mtu anayejua kwamba baada ya muda mfupi ataivua miwani. Kinachoweza kufanywa katika muda huo mfupi ni kidogo zaidi, lakini si haba: kuketi kwenye benchi la bustani, kugeuza kichwa, na kukubali kwamba anayepita anapita bila kukungoja. Sura ya kwanza inalitimiza hilo. Laiti watunzi wangeiamini vya kutosha, wangeiacha mvua ya jikoni inyeshe yenyewe, juu ya kila kitu, bila kumuuliza mtu aanze na kipi.